Daftari Nililokataa Kusoma

Leo sitaanza na mahubiri. Nataka nikueleze habari ya kompyuta, na ya kijana wangu niliyemhukumu kabla ya kumsikiliza. Kama na wewe umenunua kompyuta mpya na gemu zinajizima zenyewe, naomba usome mpaka mwisho.

Likizo ya mwezi wa nne tulinunua kompyuta ya mezani, ile ambayo duka linakuuzia ikiwa tayari imeunganishwa, Windows imo ndani, wewe kazi yako ni kuchomeka waya. Mama watoto alitoa akiba yake ya chama. Mimi niliitaka kwa kuhariri video za ibada, kijana wa miaka 15 aliitaka kwa gemu. Tukakubaliana: asubuhi ya kanisa, jioni ya mtoto. Ikatoka Nairobi kama mzigo wa basi.

Siku ya pili gemu ya mpira ikajizima katikati ya mechi. Skrini inaganda, sauti inakwama kama CD iliyokwaruzwa, halafu unajikuta umerudi kwenye Windows. Siku ya tano ikaja skrini ya buluu, na mashine ikajiwasha upya.

Nikapigia duka simu. Yule wa mauzo hakuniuliza swali hata moja. "Mchungaji, hizo ni gemu ambazo watoto wanatoa ovyo kwenye intaneti. Mashine yetu haina shida. Na usifungue sanduku, stika ikikatika waranti imeisha."

Mpendwa, nilimwamini. Mtu ambaye sijawahi kuona uso wake! Nikamwita kijana. Akasema, "Baba, hizi gemu nilizinunua na zile pesa za siku yangu ya kuzaliwa. Sijapakua kitu kingine. Na nimekuwa nikiandika, angalia." Akanyoosha daftari. Sikulipokea. Nikachukua kibodi nikaifungia kabatini. Na Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimehubiri habari ya Eli na Hana, kuhani aliyeona midomo inatikisika akaamua mama wa watu amelewa. Nilihubiri vizuri sana. Watu walisema amina.

Usiku wa siku ya tisa nilikuwa peke yangu nahariri video ya ibada. Hakuna gemu iliyofunguliwa, mtoto amelala. Skrini ikawa buluu, kazi ya saa mbili ikapotea.

Nilikaa pale kwa muda. Kisha nikaenda kulitafuta lile daftari. Alikuwa ameandika tarehe, saa, gemu gani, na imecheza dakika ngapi kabla ya kuzima. Gemu tatu tofauti. Na mstari mmoja chini: "Leo hata bila gemu, nilikuwa nafungua picha za kanisa." Tarehe yake ilikuwa ya siku ya nne.

Asubuhi nilimrudishia kibodi, nikamwambia, "Nisamehe, kijana wangu. Nilimsikiliza mtu wa duka, wewe sikukusikiliza." Akanyamaza, halafu akasema, "Sawa, Baba. Lakini siku saba zimeisha." Nikatoa risiti. Kweli, ndani ya siku saba duka lingetubadilishia mashine nzima. Baada ya hapo ni kutengenezewa tu.

Tukaanza kazi wawili. Sheria aliiweka yeye: tubadilishe kitu kimoja tu, tujaribu, tuandike, ndipo tuguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja, hata ikipona hutajua kilichoiponya. Tukaweka draiva mpya ya kadi ya grafiki. Ikazima. Tukapima joto wakati gemu inacheza: digrii 72, hakuna ubaya. Ikazima. Nikashuku stima, maana kwetu inapanda na kushuka, nikaazima UPS ya kanisa. Ikazima vilevile. Tukafungua kumbukumbu za Windows, Event Viewer, tukakuta Kernel-Power 41 imejirudia. Nilidhani tumepata. Kumbe neno hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Ni kama kuuliza marehemu alikufa na nini, ukajibiwa alikufa.

Ikabaki RAM. RAM ni meza ambayo kompyuta inatandaza kazi yake. Meza ikiwa na ubao mmoja uliooza, chochote kitakachowekwa hapo kitaanguka, leo gemu, kesho video. Gemu zinaanguka zaidi kwa sababu zinajaza meza. Yetu ilikuwa na GB 16, vijiti viwili vya GB 8.

Windows ina kipimo chake: unaandika mdsched, inajiwasha upya na kupima. Tulikipitisha, kikasema hakuna kosa. Usiishie hapo, kipimo hicho wakati mwingine hupitwa na makosa. Kijana akaweka MemTest86 kwenye flashi. Hii inawaka yenyewe kutoka kwenye flashi, Windows haifunguki kabisa, sanduku haliguswi. Toleo la bure linarudia kupima mara nne, nasi tukaiacha usiku kucha. Kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha, mistari myekundu ilikuwa imejaa. Kawaida hata kosa moja halikubaliki. Tukarudisha mipangilio ya BIOS ya kiwandani, kwa sababu RAM ikisukumwa mwendo mkubwa kupita uwezo wake hukosea pia. Tukapima tena. Nyekundu.

Fikiria, mpendwa: hakuna Windows, hakuna gemu, hakuna mtoto. Ni vyuma peke yake, na bado makosa.

Tukapiga picha za skrini, tukazituma pamoja na picha ya stika ikiwa nzima. Safari hii nilijibiwa na msimamizi. Swali lake lilikuwa moja: "Hamjafungua?" Hatujafungua. Ikarudi Nairobi kwa basi, nauli ya mzigo juu yangu, ikakaa wiki nzima, ikaja na vijiti vipya. Pole hawakusema. Tukapima usiku kucha: mizunguko minne, kosa sifuri.

Ilifika siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Alicheza jioni mbili tu katika likizo yote, na kwa hilo bado sijapata neno la kumwambia. Asubuhi ya kwenda bweni alibeba sanduku lake mwenyewe mpaka stendi. Niliporudi nyumbani nikakuta daftari juu ya kompyuta, limefunguliwa ukurasa mpya, ameandika juu: "Baba, ikizima tena andika hapa. Saa pia."