Hukumu Inachelewa, Azabu Inapiga Wengine



Safari hii hatutaandika juu ya usafi wa vyumba vya kulala, wala juu ya wale wanaochelewa ku sala ya asubui. Hayo mumekwisha kuyasoma mara nyingi, na wenye kuchelewa wangali wanachelewa. Tutaandika juu ya mpira, lakini si juu ya magoli. Kuna jambo moja linalochoma roho za wapenzi wa mpira kuliko goli la dakika ya mwisho, ndilo hili: mchezaji anakosa mbele ya macho ya watu wote, kisha wakubwa wenye kuhukumu wananyamaza. Juma la kwanza linapita, la pili linapita, mwezi unakwisha. Watu wanaulizana, "Yule bamemufanya nini?" Hakuna mwenye kujua.

Wako wanaosema kwamba supota ni mtu wa makelele tu, anapenda azabu ikiwa ya adui na anaikataa ikiwa ya ndugu yake. Ni kweli kidogo. Katika chumba chetu wanalala wapenzi wa Mazembe na wapenzi wa Lupopo, nao hawajapatana bado hata juu ya penalti moja. Lakini tumewachunguza, na tumeona kwamba wote wanaweza kuvumilia azabu kali. Kitu wasichoweza kuvumilia ni kungoja pasipo tarehe.

Tuchukue mambo ya mwaka 2011, ambayo wakubwa wetu wanayasimulia mpaka sasa. Sisi wakati ule tulikuwa watoto wa kubebwa mgongoni. TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili kwa kufuatana, 2009 na 2010, tena Desemba 2010 ilifika finali ya kombe la vilabu vya dunia, ikapigwa 3-0 na Inter ya Milano. Mwaka uliofuata wakaanza tena safari ya kombe la Afrika. Wakakutana na Simba ya Dar es Salaam, wakaishinda huku Lubumbashi mwezi wa tatu, wakaishinda kwao mwezi wa ine. Kisha wakaitoa na Wydad ya Casablanca. Watu wakasema njia imefunguka. Kumbe Simba walikuwa wamepeleka malalamiko kwa CAF juu ya mchezaji mmoja wa Mazembe, Janvier Besala Bokungu, aliyetoka Espérance ya Tunis, kwamba hakuwa na haki ya kucheza. Katikati ya mwezi wa tano jibu likafika: Mazembe watoke.

Hatutaki kuchambua karatasi za Bokungu. Sisi si wanasheria. Tunahesabu siku tu. Toka mchezo wa Dar es Salaam mpaka hukumu ni zaidi ya majuma matano. Kama jibu lingetoka mbio, Simba wangecheza na Wydad michezo miwili, mmoja nyumbani na mmoja ugenini, sawa desturi ilivyo. Lakini wakati hukumu ilipofika, Wydad walikuwa wamekwisha kutolewa na ekipe isiyohesabiwa tena, na Simba walikuwa wamekwisha kuondoa kombe lile katika mawazo yao. Wakaitwa wote wawili Cairo mwishoni mwa mwezi wa tano, mchezo mmoja tu, na Simba wakapigwa 3-0. Basi waliolalamika walishinda kesi na kupoteza kombe. Wachezaji wengine wa Mazembe walitoka jasho katika michezo iliyofutwa, na wasupota walilipa tikiti kutazama kitu ambacho kwa karatasi hakikutokea. Uongozi ulipeleka kesi mpaka tribunali ya michezo ya Lausanne, lakini kombe liliendelea pasipo wao, na mwaka ule lilichukuliwa na Espérance, ile ile ya Tunis. Na hili ni la kuchekesha: mwaka 2016 Bokungu mwenyewe alivaa rangi za Simba. Wachezaji wanapatana mbio kuliko sisi wasupota.

Miaka kumi kisha pale tulionja wenyewe. Mwezi wa tatu 2021 Leopards wetu walipigwa 3-0 na Gabon, na nafasi ya kwenda Kombe la Afrika ikapotea. FECOFA ikalalamika juu ya kitambulisho cha mchezaji mmoja wa Gabon, CAF ikafungua uchunguzi. Tunakumbuka vile papa zetu walivyoweka radio karibu na sahani ya bukari, wakisema "Munyamaze, pengine leo." Haikuwa leo. Mwishowe malalamiko yalikataliwa, na Gabon wakaenda kucheza Kameruni Januari 2022. Sawa, yakataliwe. Lakini miezi ile ya kungoja iliharibu kitu: watu waliacha kuuliza juu ya nini tulipigwa magoli matatu, wakabaki wanasema juu ya karatasi tu. Kila mtu akawa mwanasheria, na hakuna aliyesema kwamba siku ile hatukucheza.

Sasa tufike hapa nyumbani. Katika mashindano ya madarasa ya mwaka huu, mchezaji mmoja wa mwaka wa tatu alimsukuma arbitre na kumtemea mate ku viatu. Arbitre ni wa mwaka wa pili, mdogo kwake. Shule nzima iliona, hata mama mpishi aliona, juu mlango wa jiko unatazama uwanja. Arbitre alitoa kartoni nyekundu (kwetu ni kipande cha ganda la daftari), na jioni ile ile akaandika ripoti, nasi tukaisaini na kuiweka ku biro ya disipline. Konsei ilipaswa kukutana siku ya tano. Haikukutana, juu mwalimu mmoja alikuwa amekwenda mjini kufuata mshahara wake. Juma lililofuata kulikuwa mkutano wa wazazi. Juma la tatu ilikuwa mvua. Na kwa kuwa hapakuwa na hukumu, hapakuwa na mtu mwenye haki ya kumzuiza kijana kucheza. Akacheza. Katika nusu-finali akatufunga sisi wa mwaka wa mwisho magoli mawili, tena mazuri, lazima tuseme kweli. Hukumu ilitoka juma la sita, finali ikiwa imekwisha: asicheze michezo mitatu. Michezo gani? Mashindano hayakuwa tena.

Magoli mawili hayatuumizi sana. Tazameni mengine. Yule arbitre mdogo alikataa kushika firimbi tena, na mpaka sasa anakaa mbali na uwanja. Wadogo wa mwaka wa kwanza, wakicheza na mpira wao wa sashe na kamba, walianza kutemeana mate mbele ya viatu na kucheka: "Haina kitu, konsei itakutana kesho!" Neno hilo, kesho ya konsei, limekuwa methali humu ndani, ukimkopesha mtu kalamu na kuuliza siku ya kurudisha, atakujibu hivyo. Na siku moja ku pompi ya maji watu wa madarasa mawili walipigana kwa ajili ya kesi hiyo, mmoja akavunjika jino. Aliyevunjika jino hakucheza katika mchezo ule hata dakika moja.

Tulikwenda kwa direktere wa disipline na heshima yote. Akatupokea vizuri, akatupa na viti. Akasema, "Watoto yangu, haraka ni mubaya kuliko kuchelewa. Munajua habari ya Ndaye Mulamba?" Tukasema tunaijua, lakini alitusimulia. Ndaye ndiye aliyefunga magoli 9 katika Kombe la Afrika la 1974, hesabu ambayo hakuna mwingine aliyeifikia katika kombe moja. Miezi michache kisha pale, tarehe 18 Juni 1974, Zaire ilicheza na Yugoslavia kule Gelsenkirchen, katika Kombe la Dunia. Magoli yanaingia, wachezaji wetu wanabishana na arbitre, Delgado wa Kolombia, mmoja anampiga teke. Arbitre anatoa kartoni nyekundu kwa Ndaye. Lakini mwenye kupiga alikuwa Ilunga Mwepu, na baadaye yeye mwenyewe alisema. Zaire ikapigwa 9-0, na mfungaji wake mkubwa akiwa amefukuzwa kwa kosa la mwenzake. "Munaona?" akasema direktere. "Ile ilikuwa hukumu ya nukta moja."

Jibu lake ni la mtu mwenye akili, na tumeliwaza siku nyingi. Ni kweli kwamba mwenye kushitakiwa lazima asikiwe, na shahidi lazima waulizwe. Lakini kuchunguza ni kazi, na kungoja tu si kazi. Katika kesi yetu hakuna aliyekuwa anachunguza kitu. Ripoti ililala ndani ya droo majuma matano, na kwa siku zile zote hakuna shahidi hata mmoja aliyeitwa.

Hata kwa wazungu wanayo ndwele hii. Oktoba 2011 kule Uingereza wachezaji wawili walishitakiwa kwa maneno ya ubaguzi wa rangi, siku 8 tu kati ya mchezo wa mmoja na wa mwingine. Luis Suárez wa Liverpool alihukumiwa na shirikisho tarehe 20 Desemba mwaka ule ule: michezo 8. John Terry, kapiteni wa Chelsea, kesi yake ilikwenda kwanza kwa tribunali ya serikali, na shirikisho likangoja. Tribunali ikamwachilia Julai 2012. Shirikisho nalo likamhukumu Septemba 2012, michezo 4 na faini ya pauni 220,000. Ni karibu miezi 11! Sababu ya kungoja ilikuwa ya kweli, hatukatai. Lakini katika miezi ile Terry alinyanganywa ukapiteni wa ekipe ya taifa, kocha Fabio Capello akaacha kazi kwa sababu ya jambo hilo, na Chelsea walipokutana tena na wapinzani wa mchezo ule wa kesi ilibidi wafute desturi ya kupeana mikono mbele ya mchezo. Na wasupota wa Liverpool wakauliza, na mpaka leo wanauliza, juu ya nini mmoja 8 na mwingine 4. Pengine kuna jibu zuri. Jibu linalokuja kisha mwaka mmoja halisikilizwi.

Tena wakitaka, wanaweza. Suárez huyo huyo alimuma Giorgio Chiellini wa Italia katika Kombe la Dunia, tarehe 24 Juni 2014. Uruguay ilikuwa na mchezo mwingine tarehe 28. FIFA ilitoa hukumu tarehe 26: michezo 9 ya taifa, na miezi 4 pasipo mpira. Kwa siku mbili walitazama picha, wakamsikiliza, wakaandika. Walijua mchezo unaofuata ni lini, ndio maana.

Sasa turudi kwa kijana wetu, maana kuna jambo ambalo wengi hawalijui, naye ametupa ruhusa kuliandika. Katika juma la ine alikuja kugonga mlango wetu usiku, taa zikiwa zimezimwa. Tulifikiri anakuja kwa ugomvi. Akabaki amesimama, akasema: "Yaya kapita, uniombee kwa bakubwa baseme tu. Kama ni kunifukuza, banifukuze, nirudie kwa mama ku muji. Sisomi tena. Nikifungua daftari naona konsei." Huyo ndiye tuliyesema anafurahia kuchelewa! Tulidhani anacheza na moyo mwepesi, kumbe kila goli alilifunga akifikiri ni la mwisho. Mama yake anauza mihogo kwa kumlipia masomo, na katika mitihani ya mwezi ule alianguka katika masomo matano. Konsei haikumwandikia azabu hiyo. Tena ni nzito kuliko michezo mitatu.

Pasta wetu alituhubiri mwezi uliopita toka Kutoka sura ya 18, habari ya Musa aliyeketi peke yake kuhukumu, watu wakisimama mbele yake toka asubui mpaka jioni. Yethro baba mkwe wake hakumwambia kwamba anahukumu vibaya. Alisikitikia wenye kusimama, na Musa mwenyewe, kwamba watachoka wote. Akamshauri agawanye kazi. Sisi tuliketi pale nyuma tukatazamana.

Basi tumeandika karatasi fupi kwa Bwana Prefe, imesainiwa na wakubwa wa madarasa yote. Tunaomba kwamba mwenye kartoni nyekundu akose mchezo unaofuata pasipo kungoja mtu, maana ndiyo sheria ya mpira popote duniani. Kosa likiwa kubwa, konsei ikutane ndani ya siku saba, hata wakiwa watatu tu. Ikishindwa, tarehe nyingine ibandikwe ukutani, na mwenye kosa aambiwe uso kwa uso, asisikie kwanza ku pompi. Hatukuomba azabu iwe ndogo, wala iwe kubwa.

Karatasi iliwekwa ku biro mbele ya pumziko la Pasaka. Mashindano ya voleboli ya wasichana yanaanza juma lijalo, na ekipe mbili kati yao zinachukiana tangu mwaka jana. Juzi tulipita kuuliza jibu. Mama sekretere alitazama ndani ya droo, akafunga, akatuambia turudi kesho.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho