Difu za Mzee

Nilikuwa kwetu Ikuti, Rungwe, kwenye migomba, mvua na ukungu. Nimerudi Dar bila kile nilichokwenda kukichukua.

Mzee alipofariki alituachia Land Rover Series III, ile fupi. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, basi ikaonekana ni yangu. Nikapanga kuileta mjini. Tatizo, ikifika kilomita 80 kwa saa injini inapiga kelele mpaka hamsikilizani, na kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800!

Fundi mmoja pale Tukuyu akaniambia shida si injini, ni difu. Za mzee ni 4.7, yaani propela shafti inazunguka karibu mara tano ili tairi lizunguke mara moja. Za Range Rover za zamani ni 3.54, na zinaingia kwenye ekseli za hii fupi. Ukizifunga, injini iliyokuwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika itazunguka kama 2,260 kwa mwendo uleule.

“Ila ubadilishe ya mbele na ya nyuma,” akasisitiza. Ukibadilisha moja tu, siku utakapoweka four-wheel zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Wamarekani wenye Mustang na Chevelle za miaka ya 60 hubishania jambo hilihili: 4.10 ya kuchomoka kwa nguvu, au 2.73 ya kusafiri kwa utulivu? Namba kubwa inakupa nguvu, ndogo inakupa mwendo. Difu moja haikupi vyote.

Nikatoa advansi.

Kesho yake baba mdogo akaomba nimpeleke sokoni. Tukapakia mikungu ya ndizi, akina mama watatu wakakaa juu yake. Katikati ya mlima, kwenye tope, bibi mmoja akatusimamisha. Nikasimama huku naomba Mungu. Alipopanda, nikaachia klachi taratibu, gari likaondoka bila kurudi nyuma hata hatua moja. Kwenye kushuka, injini ikalishika lenyewe, breki nikazigusa tu.

Najua, gia za low zipo. Lakini ukizitegemea kila kilima, sokoni utafika watu wanafunga.

Nikamweleza baba mdogo mpango wangu. Akakaa kimya, kisha akauliza:

“Huko Dar, utapanda nalo mlima gani, mwanangu?”

Sikuwa na jibu. Wakati nasoma Dar, mzee hakubadilisha zile difu, na wala si kwa kutojua. Alijua gari lake linaishi wapi.

Fundi alinirudishia nusu ya advansi, sikumlaumu. Funguo anazo baba mdogo. Mimi nimerudi kwa basi, na kusema kweli, mpaka Kitonga roho ilikuwa bado inaniuma.