Najua Mwisho, Niache Nitazame

"Bibie, si ushajua atashinda?" Mume wangu hunitania hivyo kila nikiweka Wimbledon, filamu ya mwaka 2004. Najua, jamani! Paul Bettany anacheza kama mcheza tenisi Mwingereza aliyeporomoka hadi nafasi ya 119 duniani na anataka kustaafu. Anaingia kimakosa kwenye chumba cha hoteli cha Kirsten Dunst, naye yuko bafuni anaoga. Basi, mengine jaza mwenyewe.

Wakati ule hakuna mwanamume Mwingereza aliyekuwa amelibeba taji lile tangu Fred Perry, mwaka 1936. Andy Murray, Mskoti, akaja kulibebea Uingereza mwaka 2013. Filamu haikuwa na subira hiyo, na mimi pia sina.

Kuna mwaka mume wangu alipunguzwa kazini. Miezi saba ya kutuma barua za maombi, nyumba kimya, kila mtu na upande wake wa kitanda. Usiku mmoja nikaiweka diski bila kumuuliza. Ilipofika ile pointi ya mwisho akanishika mkono, akaung'ang'ania kana kwamba Bettany angeweza kushindwa.

Asubuhi kodi ilikuwa bado haijapatikana. Ila chai tulikunywa meza moja.