Barua kutoka Ohio: Yuniti ipi ni nyepesi?

Columbus, Ohio

Mpwa wangu,

Mama yako alinipigia juzi, akaniambia vuli imewachenga tena huko Vitengeni na mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti. Poleni sana. Huku ni Novemba. Saa kumi na moja na nusu jioni giza limeshaingia, navaa makoti mawili kwenda kazini, na bado wenyeji wananiambia baridi yenyewe haijaanza.

Nimelisoma swali lako: umefika mwaka wa tatu pale chuoni, unatakiwa uchague kati ya jenetiki, parasitolojia na imunolojia, na unataka mjomba akwambie ipi ni nyepesi. Umeniuliza kwa wakati wake. Mwezi huu wanafunzi wa huku wanajiandikisha kwa muhula wa Januari, na mimi niliye mwalimu msaidizi wa maabara naulizwa hilo kila siku. Wengine hunivizia hata mlangoni, kabla sijavua koti.

Huku kozi, mnazoziita yuniti, zina namba. Inayoanza na 1 ni ya wanaoingia, ya 3 au 4 ni ya wanaokaribia kumaliza, na wageni hudhani kadiri namba inavyopanda ndivyo mzigo unavyozidi. Sivyo. Namba inakwambia kozi imekusudiwa nani na inadai uwe umepitia nini kabla. Kemia ya ogania kwa kawaida huchukuliwa mwaka wa pili, na ndiyo imewaondoa wengi kwenye safari ya udaktari. Kisha kuna semina za mwaka wa nne: wanafunzi wachache wamezunguka meza, hakuna mtihani, kazi ni kusoma makala za majarida na kuzijadili. Mwenye mazoea ya kusoma huziona semina hizo kama mapumziko, na aliyezoea kukariri hutamani kukimbia.

Ndiyo maana sikupi jibu la neno moja. Muulize aliyepanda bodaboda na aliyetembea kwa miguu kutoka Ganze hadi Vitengeni ni mbali kiasi gani. Kila mmoja atakujibu, na wote wawili watakuwa wakweli. Waliokwambia imunolojia "inaua" wamekueleza habari zao. Ulizia kozi inadai ufanye nini kila wiki, halafu ulinganishe na unachokiweza.

Parasitolojia inadai macho na kumbukumbu. Mtihani wake wa maabara huku tunaupanga hivi: hadubini ziko kwenye mstari, kila moja na namba yake. Kengele inalia, mwanafunzi anainama, anatazama, anaandika. Baada ya dakika moja inalia tena naye anahamia inayofuata. Hakuna kurudi nyuma. Muhula huu kwenye hadubini moja niliweka yai la kichocho. Lina umbo la duaradufu, ganda jembamba linalopitisha mwanga, na mwiba mdogo kwenye ncha. Kwenye ncha, si ubavuni. Mwiba ukiwa ubavuni huyo ni Schistosoma mansoni, anayekaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Ukiwa nchani ni Schistosoma haematobium, wa mishipa ya kibofu, ndiye anayewafanya watoto wa kwetu wanaoogelea mabwawani wakojoe damu. Nilisimama nyuma nikiwatazama vijana wa Ohio wakikaza macho, na wengi wakaandika yule mwingine.

Wewe watoto hao unawajua kwa majina, kwa hiyo jina la ugonjwa halitakutoka. Lakini karatasi ya nadharia itakuuliza mengine. Yai likifika majini linaangua mirasidia. Mirasidia anamwingia konokono wa jenasi ya Bulinus, anaongezeka humo bila dume wala jike, kisha anatoka akiwa serkaria mwenye mkia uliogawanyika, tayari kutoboa ngozi ya mtu. Huyo ni mmoja tu. Wapo wengine kadha wa kadha, wengi wana mwenyeji wao wa kati, na kila mmoja ana njia yake ya kuingilia. Hesabu hakuna, ila majina yanafurika.

Jenetiki ni kinyume chake. Majina ni machache, lakini swali la mtihani huwa hujawahi kuliona, kwa hiyo kukariri hakukufikishi popote. Huku naona vijana walioipenda baiolojia kwa sababu walichukia hesabu, kisha hesabu inawakuta humuhumu. Mfano ambao karibu kila kitabu hutoa unatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi, akaona kwamba wabebaji wa jeni ya selimundu ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, ilhali nyanda za juu ni nadra kuwapata. Mwaka 1954 akachapisha sababu: mbebaji anakingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria, na palipo na malaria jeni hiyo haifutiki.

Sasa jipime hapahapa. Chukulia kwamba katika jamii moja, nakala moja katika kila 10 za jeni hiyo ni ya selimundu. Wenye ugonjwa, waliorithi nakala mbili, watakuwa 0.1 mara 0.1, yaani mtoto 1 kati ya 100. Wabebaji, wenye nakala moja tu, ni 2 mara 0.9 mara 0.1, yaani 18 kati ya 100. Kama umefuata bila kurudia mstari, jenetiki haitakutisha. Kama umeruka aya hii, mjomba ameshakuona.

Imunolojia ni lugha ngeni. Mwezi mzima wa kwanza ni kujifunza msamiati: CD4, CD8, IL-2, IL-4, IL-10, na kila kimoja kina kazi tofauti kulingana na kilipo. Kila mada imesimama juu ya iliyotangulia. Kwenye parasitolojia unaweza kukosa wiki ya minyoo ya safura na bado ukaelewa wiki ya tegu. Kwenye imunolojia ukikosa wiki mbili unakuwa mgeni darasani. Hata hivyo kwako nitaiongezea uzito upande wa pili wa mizani. Unasoma mji mmoja na kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichopo Kilifi tangu 1989. Chanjo za malaria, RTS,S na baadaye R21, zilijaribiwa Kilifi miongoni mwa sehemu nyingine kabla ya Shirika la Afya Duniani kuzipendekeza, moja Oktoba 2021, nyingine Oktoba 2023. Anayetaka kuomba nafasi ya mafunzo mahali kama pale atapigana na hiyo lugha, apende asipende.

Kuna jambo ambalo jina la kozi huwa halionyeshi, nalo ni saa. Huku saa moja ya mhadhara kwa wiki huhesabiwa kuwa kredi moja, na unatarajiwa usome saa mbili nyingine nyumbani. Maabara mara nyingi hukaa saa tatu mfululizo nayo ikapewa kredi ileile moja, bado hujaandika ripoti. Mtu anachukua kozi tatu zenye maabara, akitazama kredi anaona ni chache, akitazama wiki yake haina hata alasiri moja. Kwetu sisi wageni kuna kamba nyingine shingoni: mwenye viza ya masomo wa shahada ya kwanza hatakiwi kushuka chini ya kredi 12, na kazi ya chuoni haipiti saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Mmarekani akilemewa anaacha kozi moja na maisha yanaendelea. Mgeni akiacha, karatasi zake za uhamiaji zinatikisika. Kwa hiyo tunasoma silabasi siku ya kwanza kama mtu anayesoma mkataba wa shamba: mtihani wa mwisho ni asilimia ngapi, ripoti ni ngapi, zinasahihishwa na nani, ukikosa siku moja inakuwaje.

Wewe huna habari ya viza, lakini una sapu, yaani mtihani wa kurudia ukifeli, na una nauli ya kwenda na kurudi nyumbani. Angalia ratiba. Yuniti yenye maabara Ijumaa jioni itakunyima wikendi za Vitengeni muhula mzima, na hilo mama yako atalihesabu kuwa ugumu hata wewe usipolihesabu.

Fanya hivi. Zitafute karatasi za mitihani ya miaka miwili mitatu iliyopita za yuniti zote tatu, uzipige picha kwa simu unitumie. Usizijibu. Weka tu alama kwenye maswali ambayo ungependa kujua jibu lake hata kama hakuna mtihani. Tutazungumza Jumapili, saa mbili usiku wa huko.

Mjomba wako