Matone Kumi ya Rangi

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tulipewa kazi ya kupima pK ya kiashiria kiitwacho bromokresoli kijani. Pengine msomaji atauliza, pK ni kitu gani? Kiashiria hiki nacho ni asidi dhaifu: kikiwa na hidrojeni yake huwa cha njano, kikiipoteza huwa cha buluu. Ile pH ambayo nusu yake ni njano na nusu ni buluu, ndiyo pK yake.

Kazi yenyewe haitaki mashine. Yataka macho na subira. Tulipanga jozi tisa za neli, moja mbele na moja nyuma. Katika jozi ya kwanza tulitia tone 1 katika asidi, likawa njano, na matone 9 katika alkali, yakawa buluu. Jozi ya pili 2 na 8, tukaendelea hivyo hata 9 na 1. Mtu akitazama kupitia neli zote mbili huona rangi moja. Kisha tukatia matone 10 katika mchanganyiko wa asidi ya siki na chumvi yake, sodiamu ethanoeti, kwa kiasi sawa. pH ya mchanganyiko huo ni 4.76. Kilichobaki ni kutafuta jozi inayofanana nao.

Mwenzangu nami tukaona umefanana na jozi yenye buluu 4 na njano 6. Tukaigawa buluu kwa njano, tukachukua logi yake, tukaitoa katika 4.76, tukapata 4.9. Tukarudia mara tatu, ni 4.9 ile ile. Lakini kitabu chasema 4.7.

"Andika 4.7, ndugu yangu," mwenzangu akaninong'oneza, "kengele ya chakula imekaribia."

Nami, nasema kwa aibu, nikaandika.

Mwalimu alipofika mezani petu alitazama daftari, akazitazama neli, akauliza kwa upole, "Kijana, hiyo 4.7 umeiona katika jozi gani?"

Nilitafuta jibu nisilipate. Jozi ya 5 na 5 hutoa 4.8, ile ya buluu 6 na njano 4 hutoa 4.6. Hakuna jozi itoayo 4.7! Kweli njia ya mwongo ni fupi.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Kata hiyo, andika 4.9, kisha utafute sababu."

Sababu tuliikuta kwenye kibandiko cha chupa. Tulikuwa tumepima gramu 8.2 za chumvi kwa lita, uzito wa chumvi isiyo na maji. Kumbe chumvi ile ilikuwa ya fuwele zenye maji ndani yake, nayo hutaka gramu 13.6. Basi chumvi yetu ilipungua, na pH ilikuwa kama 4.5 tu.

Tukaanza upya. Safari hii rangi ikalingana na jozi ya 5 na 5. Tukaandika 4.8, maana ndiyo tuliyoiona, na tone moja likizidi au kupungua hubadili jibu kwa 0.2 hivi.

Lau ningaliiacha ile 4.7 ya kitabu, nisingalijua hata leo kwamba tulikosea kwenye mizani. Wadogo zetu wa Kidato cha Tatu, mtakapofika kwenye meza ile, andikeni mlichokiona.