Msala Ulingoni

Juma lililopita mwanangu alinionesha video ya zamani ya mieleka ya kulipwa nchini Marekani. Mtu aliyejifunga kilemba anatandika msala ulingoni na kusujudu. Punde anamchoma mwenzake paji la uso kwa penseli aliyoificha. "Baba, huyu ni Muislamu?"

Nikamweleza kuwa yule alikuwa mwigizaji. Alijiita The Sheik. Jina lake Ed Farhat, mzaliwa wa Lansing, Michigan, wa wazazi waliotoka Lebanon, na aliwahi kulitumikia jeshi la Marekani. Katika miaka ya 1960 na 1970 ndiye pia aliyeandaa mapambano katika ukumbi wa Cobo, Detroit, ambako umati ulifurika kumzomea akikabiliana na Bobo Brazil. Chuki ile iliuza tiketi.

Kilichoniuma si mieleka. Ni kwamba mtazamaji asiyekuwa na jirani Muislamu aliijua sijida pale, ikiwa dalili ya shari. Wazazi wenzangu, tusipowafundisha watoto maana ya sala, wengine watawafundisha.

Usiku ule tulisali Isha pamoja, kisha akaniuliza ninasema nini ninaposujudu. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.