Godoro Moja

Februari 2025, Bukavu ilipochukuliwa, watu walikuwa wanavuka Rusizi kila siku. Sisi vijana wa Buyenzi tukafungua kikundi cha WhatsApp: mwenye nafasi ya kulala aseme, mwenye shida aandike. Mama mmoja aliandika, "Nina godoro moja sebuleni, mje wawili." Usiku uleule walifika wanne. Akawapokea.

Kikundi kikajaa karibu watu 1,024, ambao ndio mwisho wa WhatsApp. Fujo nyingi. Mimi admini nikaweka sheria: kila tangazo liwe na picha, mtaa na bei. Hilo neno "bei" niliandika mwenyewe. Nilikuwa nafikiria sufuria na nguo, sikufikiria kulala.

Walioshika sheria vizuri kuliko wote ni makomisyoneri wa nyumba. Mwenye godoro moja anaandika mara moja, wageni wakifika ananyamaza. Komisyoneri anaandika kila asubuhi, ana picha safi, anajibu hata saa saba za usiku. Ukifungua kikundi, unamwona yeye tu. Yule mama aliniuliza aweke bei gani, maana anaona haya kuandika "bure". Sikumjibu vizuri. Komisyoneri mmoja alikuwa ananitumia mega kila wiki, na mimi nilikuwa napokea. Nilijiambia ni za kazi ya kikundi.

Baadaye nikasoma kwamba hata wakubwa walipita njia hiyo. Airbnb ilianzia San Francisco, magodoro ya kujaza upepo kwa vijana waliobanwa na kodi. Leo kuna wenye nyumba kumi humo, hawalali hata katika moja. Couchsurfing, ya kumlaza mgeni bure, iligeuzwa kampuni ya faida mwaka 2011, na 2020 ikaanza kutoza wanachama. Lakini wale walikuwa na wawekezaji. Sisi tulikuwa na mega tu.

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye mtoto aliomba pa kulala. Dakika moja, bei tatu. Akaniandikia pembeni: "Yaya, hiki si kile kikundi cha kusaidiana?"

Nikamtafuta yule mama. Kumbe alishatoka kikundini zamani. Nikaenda kwake kwa miguu. Godoro bado lilikuwa sebuleni.

Jana nimefuta sheria ya bei. Makomisyoneri wawili wameshaniuliza wamekosa nini. Kusema kweli, hawajakosa kitu. Sijawajibu.